George Enescu, Mpiga Fidla wa Romania

Ndugu msomaji, je, unazijua nyimbo za kijijini kwenu? Labda unaziimba shambani au harusini, na unaziona ni kitu kidogo tu. Soma habari za George Enescu.

Enescu alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Liveni, nchini Romania. Ndugu zake wote waliomtangulia walikufa wangali wadogo. Yeye peke yake ndiye aliyekua.

Katika nchi hiyo watu walicheza kwa fidla. Fidla ina nyuzi nne, nayo hupigwa kwa upinde kama zeze. Wapigaji wengi walikuwa wa kabila la Waroma, lililokuwa utumwani hadi miaka ya 1850. Hawakusoma muziki vitabuni. Watu waliwaita harusini, lakini waliwadharau.

Siku moja Enescu, akiwa mtoto mdogo, aliwasikia wapigaji hao. Kesho yake alifunga uzi kwenye kipande cha mti, akajifanya anapiga fidla. Wazazi wakamnunulia fidla ya kuchezea. Alikasirika, akaitupa motoni! Alitaka fidla ya kweli, na baadaye akaipata.

Mwaka 1888, akiwa na miaka 7, alikwenda kusoma muziki Vienna, mji mkuu wa Austria. Kisha alisoma Paris, Ufaransa. Alijifunza kuandika muziki kwa alama, ili watu wengi wenye ala mbalimbali waupige pamoja.

Je, alisahau nyimbo za kwao? Hapana. Mwaka 1901 alitunga Rapsodia mbili za Kiromania. Humo alitia nyimbo na ngoma za vijijini, zipigwe na kundi kubwa la wapigaji. Mwaka 1926 alitunga muziki wa fidla na piano. Safari hii hakuchukua wimbo wa mtu. Alitunga wake, lakini ukiusikia utadhani anapiga mzee wa kijijini.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwapigia fidla askari majeruhi hospitalini. Mwaka 1946, Wakomunisti walipokuwa wameshika serikali, aliondoka Romania. Alifariki Paris tarehe 4 Mei, 1955. Leo kijiji alichozaliwa kinaitwa George Enescu.

Ndugu msomaji, elimu ya ugenini haikumfanya adharau ya kwao. Aliitumia kuyahifadhi ya kwao. Wewe sasa unajua kuandika. Mwendee mzee mmoja, uandike wimbo wake kabla haujapotea.