Kabambare: David Livingstone, munganga aliyeingia Maniema na mapafu mabovu

Wakaaji wengi wa Kabambare na Kasongo wanalijua jina la David Livingstone tokea masomo ya msingi. Wanamjua kama mzungu mpelelezi, mmisionari, mtu wa kutafuta chanzo cha mito. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa pia munganga, na kwamba alipofika hapa kwetu alikuwa ametoka tu kuponea chupuchupu ugonjwa wa kifua.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi kwenye kiwanda cha kusokota pamba, usiku anasoma. Akaenda Glasgow kujifunza udaktari, akamaliza 1840. Andiko lake la mtihani lilihusu chombo cha kusikilizia kifua, kile ambacho leo kila muuguzi anakivaa shingoni. Wakati ule kilikuwa bado kitu kigeni. Yeye na waliomtahini hawakukubaliana juu ya kile chombo hicho kinaweza kuonyesha, na mtihani ukarefuka kuliko kawaida. Miaka karibu 30 baadaye, kifua cha kusikilizwa kilikuwa chake mwenyewe.

Afrika aliingia 1841. Miaka ya kusini, Zambezi, na kifo cha mke wake Mary mwaka 1862, hayo yameandikwa mahali pengi. Safari inayotuhusu sisi ni ile ya mwisho, iliyoanza 1866. Mapema mwaka 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, na ndani yake kwinini yote. Kwa munganga, hiyo ni sawa na askari kupoteza bunduki. Tokea siku ile alitembea nchi ya homa bila kinga.

Januari 1869, katikati ya mvua, akielekea Ziwa Tanganyika, alilowana mara kwa mara na homa ya mapafu ikamkamata upande wa kulia. Alikohoa usiku na mchana, makohozi yakiwa na rangi ya kutu na damu. Hizo ni dalili ambazo munganga yeyote wa leo angezitambua mara moja. Hakuweza tena kutembea. Aliyemwokoa ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu wa pembe na watumwa: alimtafutia dawa za kwao, akaamuru abebwe kwenye kitanda. Ni jambo la kuchoma moyo, sababu Livingstone alichukia biashara ile kuliko kitu chochote, na ni watu wa biashara ile waliomtunza. Aliingia Ujiji tarehe 14 Machi 1869 akiwa hai, lakini mapafu hayakurudi sawa vile yalivyokuwa.

Tukumbuke kwamba wakati ule hakuna aliyejua virusi. Kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa 1933, na penisilini iligunduliwa 1928. Mtu wa 1869 mwenye homa ya mapafu alikuwa na joto la moto, chakula laini, na bahati. Hapakuwa na rejista ya kituo cha afya wala ripoti ya kila juma kutoka kwenye zoni ya afya. Kikohozi cha wapagazi na cha watoto wa vijijini hakikuhesabiwa na mtu.

Tarehe 21 Septemba 1869 alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Alitaka kupita haraka kwenda Lualaba. Haikuwa hivyo. Alijaribu njia mara kadhaa, mvua na matope vikamrudisha. Julai 1870 alirudi Kabambare na vidonda vya miguu vilivyokula nyama, akalala ndani siku 80. Kilichomsaidia mwishoni ni jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya wa ndege. Wakati wa kukaa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilipokwisha, aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mbegu za mti.

Kwenye daftari zake alifuatilia mvua, homa, vidonda, na ugonjwa wa kula udongo ambao watu wa pwani wanauita safura. Mwaka ule wa 1870 habari za kipindupindu kikali cha Unguja zilimfikia hapa. Mwaka 1876 James Christie, daktari aliyekuwa Unguja, alitoa kitabu kilichofuata ugonjwa ule kwenye njia za misafara. Ugonjwa ulitembea pamoja na watu na mizigo yao, na Kabambare ilikuwa kwenye njia hiyo.

Februari 1871 aliondoka, na mwisho wa Machi akawa Nyangwe, teritware ya Kasongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki juu ya umati, wengi wao akina mama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengine wakizama mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Ripoti yake ilichochea hasira Uingereza, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi kufunga soko la watumwa la Unguja.

Yeye hakuliona. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliamua kumrudisha kwao. Farijala, aliyekuwa amewahi kufanya kazi kwa daktari Unguja, ndiye aliyefungua mwili. Aliyakuta mapafu yamekauka, yenye mabaka meusi na meupe. Moyo na viungo vya ndani vilitiwa kwenye sanduku la bati na kuzikwa pale pale chini ya mti. Mwili ulibebwa mpaka Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa London, Westminster Abbey.