Edward Berthon, Kasisi wa Romsey, na Kibanda cha Darubini

Mara nyingi habari za watu wa kale zinazoletwa katika majarida ya kanisa ni za maaskofu, wamisionari na mashahidi. Safari hii tunawaletea habari za kasisi wa mji mdogo wa Uingereza, ambaye mabaharia walilijua jina lake kwa sababu ya mashua, na watazama nyota kwa sababu ya kibanda cha bustanini. Huyu ni Edward Lyon Berthon.

Alizaliwa London mwaka 1813. Ujanani alisomea udaktari Liverpool na Dublin, lakini hakuendelea nao, maana mikono yake ilipenda zaidi ufundi. Yapata mwaka 1835 alitengeneza mfano wa rafadha ya kuendeshea meli. Siku zile meli za moshi zilikwenda kwa magurudumu makubwa ubavuni. Berthon aliwapelekea wakubwa wa jeshi la majini mfano wake, nao wakauona kuwa ni mchezo wa kitoto. Akavunjika moyo, akaliweka jambo lile kando. Mwaka 1836 mtu mwingine, Francis Pettit Smith, akapata hati ya rafadha yake, na mwaka 1838 meli iitwayo Archimedes ikashushwa majini ikiwa na rafadha hiyo. Kila baharia leo anajua ni nani aliyekuwa na haki katika shauri lile, wakubwa au kijana.

Mwaka 1841 Berthon aliingia chuoni Cambridge, naye akapewa daraja mwaka 1845. Alihudumu kwanza Lymington, kisha akawa kasisi wa Kanisa la Utatu Mtakatifu huko Fareham, karibu na bandari ya Portsmouth. Akiwa huko, mwezi wa Juni 1850, meli ya abiria iitwayo Orion iligonga mwamba karibu na Portpatrick, pwani ya Scotland. Bahari ilikuwa shwari, na nchi kavu haikuwa mbali. Hata hivyo watu wengi walikufa maji, kwa kuwa mashua za kuokolea hazikutosha wala hazikushushwa vema. Jambo hili lilimchoma Berthon. Meli zilibeba mashua chache kwa sababu mashua hula nafasi. Basi, akasema moyoni mwake, itafutwe mashua isiyokula nafasi.

Akaunda mashua ya kukunjwa. Mbao zake ndefu zilifungwa kwa bawaba omo na tezi, zikalala bapa pamoja kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Zikifunguliwa, zilitandaza turubali la safu mbili, na kati ya safu hizo mkakaa hewa. Mashua ya namna hiyo iliweza kuning'inizwa ubavuni mwa meli bila kumsumbua mtu. Wakubwa wa majini wakaitazama, wakaikataa, kama walivyoikataa rafadha.

Mwaka 1860 alipewa parokia ya Romsey, katika Hampshire. Kanisa lake lilikuwa lile kubwa la kale la watawa wa kike, ambalo watu wa mji walilinunua kwa pauni 100 mwaka 1544 lisibomolewe. Berthon alipolikuta lilihitaji matengenezo mengi, akayashughulikia kwa miaka mingi.

Hapo Romsey ndipo lilipoanza jambo la darubini. Wakati huo mafundi walikuwa wamejifunza kupaka fedha juu ya kioo, na mwalimu mmoja wa shule mjini Hereford, George With, alikuwa akisugua vioo vizuri ajabu kwa darubini. Kioo peke yake si darubini. Kinataka bomba na mhimili wa kukibebea. Berthon alibuni mhimili huo, na darubini za With na Berthon zikaanza kununuliwa. Mmoja wa walioipata alikuwa kasisi mwenzake, Thomas William Webb wa Hardwicke, aliyeandika mwaka 1859 kitabu cha kuwaongoza watu wa kawaida wenye darubini ndogo.

Lakini darubini ya namna ile ni nzito. Ukiiweka nyumbani, kila usiku huna budi kuibeba nje, na mawingu yakija, kuirudisha. Tena, mhimili wake hauna budi kuelekezwa sawasawa kwenye ncha ya mbingu, ambayo nyota zote huizunguka. Ukiuhamisha, kazi ya kuuelekeza huanza upya. Wala huwezi kutazama kupitia dirishani, maana hewa yenye joto ikitoka chumbani hutikisika, na Zohali na pete zake huonekana kama kitu kilicho chini ya maji yanayotiririka. Ukiiacha nje, umande na mvua huharibu fedha ya kioo. Kwa hiyo darubini hutaka nyumba yake yenyewe, nayo iwe nyumba inayoweza kufunuliwa.

Wako watu waliokata shauri kuisukuma darubini itoke bandani kwa magurudumu. Wengine husukuma banda lenyewe juu ya reli, darubini ikabaki mahali pake. Matajiri walijenga kuba za chuma na mawe, kwa gharama ambayo kasisi au seremala hakuweza kuiota. Berthon alichagua njia nyingine. Alijenga kibanda cha mbao chenye chumba cha mviringo, akakiwekea paa jepesi linalozunguka, na katika paa hilo akaacha mlango wa kufungua upande mmoja. Mtazamaji akitaka kutazama mashariki, huzungusha paa mpaka mlango uelekee huko, akiwa amekingwa na upepo. Kando yake palikuwa na chumba kidogo cha chombo cha kupimia saa kwa nyota. Kwetu sisi, tunaona ni mkono ule ule ulioiunda mashua: kitu chepesi kinachofunguka wakati wa haja.

Hakukifanya kuwa siri. Mwaka 1871 maelezo ya kibanda hicho yalitolewa katika gazeti la mafundi liitwalo English Mechanic, na watu wakakiita kibanda cha Romsey. Seremala wa kijijini aliweza kukijenga, na vikajengwa katika bustani nyingi.

Huenda msomaji atauliza kama ilimfaa mchungaji kutumia saa zake kwa misumari na nyota. Ni swali la haki. Sisi tunaona kwamba aliyekuwa akihangaikia watu wanaozama hakuwa ameuacha wito wake, na aliyempatia seremala njia ya kuitazama mbingu hakumnyima kitu.

Na ile mashua? Ililala zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1873 Samuel Plimsoll, mbunge aliyepigania maisha ya mabaharia, alimtia moyo Berthon airudie, naye akairudia akiwa mtu wa miaka 60. Safari hii wakubwa wa majini waliikubali, wakaagiza mashua za thamani ya pauni 15,000 katika muda wa chini ya mwaka mmoja. Karakana ilifunguliwa hapo hapo Romsey, ikawapa kazi watu wa mji. Mashua zake zilipelekwa kwa Jenerali Gordon huko Khartoum, na mwindaji Selous akazipeleka mto Zambezi.

Berthon alifariki mwaka 1899, mwenye miaka 86, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha maisha yake. Karakana yake baadaye ilihamia Lymington, mji alikoanza kuhudumu, na hata leo iko huko kwa jina lake.