Bwana Vavilov, Mkusanyaji wa Mbegu

Wenzangu wengi wameandika katika gazeti hili habari za wafalme na majemadari. Mimi nimeona yafaa niwaeleze habari za mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuokota mbegu. Jina lake Nikolai Vavilov, Mrusi. Nilimsikia mara ya kwanza katika somo la biolojia, tulipokuwa tukifundishwa jinsi mabingwa wa siku hizi wanavyoweza kuitoa jeni katika kiumbe kimoja na kuitia katika mmea mwingine ili ustahimili ukame au ardhi ya chumvi. Mmoja wetu akauliza, je, hiyo jeni yenyewe hutafutwa wapi? Mwalimu akatuambia kwamba ili kupata jibu ni lazima kwanza tumjue Vavilov.

Alizaliwa Moscow tarehe 25 Novemba, 1887. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka katika ukoo wa wakulima. Kijana Nikolai akasomea kilimo katika mji huo huo, na mwaka wa 1913 akaenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, bingwa aliyesifika sana kwa kueneza elimu ya urithi wa viumbe. Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914 alirudi kwao.

Mwaka wa 1916 alitumwa Uajemi, nchi ambayo sasa ni Iran, kwa sababu askari wa Kirusi waliokuwa huko walikuwa wakila mkate na kulewa kama waliokunywa pombe. Vavilov akachungulia unga wao akakuta kwamba ngano imechanganyika na mbegu za gugu fulani lenye sumu. Basi shauri likaisha. Mtu mwingine angerudi nyumbani, lakini yeye akaendelea mbele mpaka milima ya Pamir, akiokota ngano za wakulima wa huko. Nadhani safari ile ndiyo iliyomtia ugonjwa wa kusafiri, wala hakupona tena.

Mwaka wa 1917 akawa mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Saratov, kando ya mto Volga. Huko alitoa kanuni yake mwaka wa 1920, kwamba mimea ya jamaa moja hufuatana katika tabia zake. Ukiona namna fulani ya suke katika ngano, tarajia kuiona pia katika shayiri, hata kama bado hujaipata. Kwa hiyo mtafutaji hatembei kama kipofu, bali anajua kitu anachokitafuta.

Mwaka uliofuata akaitwa Petrograd, mji ulioitwa baadaye Leningrad, awe mkuu wa ofisi ya elimu ya mimea. Wakati huo huo ukame ukaipiga nchi ya Volga, na katika miaka ya 1921 na 1922 watu kwa mamilioni wakafa kwa njaa. Sisi tunaokula ugali kila siku na kunung'unika kwamba maharagwe hayakuiva vizuri, si rahisi kuifikiri njaa ya namna ile. Vavilov aliifikiri maisha yake yote. Alitaka kukusanya mbegu za mazao yote ya dunia, ili mkulima wa Urusi apate ngano ya kuvumilia jua, baridi na magonjwa.

Akaanza kuzunguka. Mwaka wa 1924 alikuwa Afghanistan. Mwaka wa 1926 alizunguka nchi za bahari ya Mediterania, na huko Shamu akashikwa na malaria. Hata hivyo akafika Uhabeshi, yaani Ethiopia, akapokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie. Akasafiri bara kwa msafara wa nyumbu. Aliona huko namna za ngano na shayiri nyingi ajabu, hata ngano yenye punje za rangi ya zambarau, na mbegu akazipeleka kwao kwa vifurushi vya posta. Baadaye akaenda Uchina, Japani, Korea na Amerika. Kufika mwaka wa 1940 ghala la Leningrad lilikuwa na namna kama 250,000 za mbegu, hazina kubwa kuliko zote duniani wakati ule.

Katika safari hizo aliona kwamba mazao hayakuenea sawasawa. Kila zao lina kwao, mahali ambapo namna zake ni nyingi kupita kwingine: mahindi huko Meksiko, viazi katika milima ya Andes, kahawa katika misitu ya Uhabeshi. Mahali kama hapo mimea ya mwitu, ndugu wa mazao yetu, imepigana na ukame, chumvi na wadudu maelfu ya miaka bila ya mtu kuimwagilia maji. Ile nguvu imo ndani ya jeni zake.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la swali letu la darasani. Mwaka wa 2012 mabingwa wa Australia walitangaza kwamba wamechukua jeni moja kutoka ngano ya kale sana, wakaitia katika ngano ya kutengenezea tambi. Jeni hiyo huizuia chumvi mizizini isipande majanini, na katika shamba la chumvi ngano hiyo ilizaa mpaka asilimia 25 zaidi ya mwenzake. Nao waliipandisha kwa njia ya zamani ya kuoanisha mimea. Wengine hutumia njia mpya. Huko Argentina ngano iliyotiwa jeni ya alizeti ili istahimili ukame ilipata kibali mwaka wa 2020. Hapa kwetu mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka wa 2016, kisha Serikali ikayasimamisha. Katika bweni letu tumebishana sana juu ya mahindi hayo, mpaka taa zikazimwa. Mimi naona kwamba hata anayeipenda njia mpya na anayeipinga, wote wawili wataihitaji ghala ya mbegu.

Sasa nifike kwenye habari ya huzuni. Alitokea mtu jina lake Trofim Lysenko, aliyedai kwamba jeni ni uongo na kwamba mmea waweza kufundishwa tabia mpya kwa kubadilishiwa baridi na joto. Vavilov alisema kazi ya mbegu mpya yataka miaka mingi. Lysenko akaahidi mavuno upesi, na Stalin, mtawala wa nchi, akampenda. Vavilov hakukubali kuikana elimu yake. Mwaka wa 1939 mkutano wa mabingwa wa urithi wa dunia nzima ulifanyika Edinburgh na wakamchagua yeye awe rais wao, lakini hakuruhusiwa kwenda.

Tarehe 6 Agosti, 1940, alipokuwa akikusanya mimea huko Ukraine, watu wakaja kwa motokaa wakamchukua. Wenzake walipofungua mfuko wake walikuta ngano ya namna ya kale aliyoiokota siku ile. Mwaka wa 1941 akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Ndani ya chumba cha gereza aliwafundisha wafungwa wenzake elimu ya mimea.

Wakati huo Wajerumani waliuzingira Leningrad karibu siku 900. Watu kwa mamia ya maelfu walikufa kwa njaa na baridi. Wafanyakazi wa ghala la Vavilov walilinda mbegu zile usiku na mchana, wakifukuza panya, wakichoma chochote ili viazi visigande. Walikuwa na mchele, ngano, mahindi na njugu mikononi mwao, wala hawakula. Mlinzi wa mpunga, Dmitri Ivanov, alikufa kwa njaa katikati ya maelfu ya pakiti za mpunga. Mlinzi wa njugu, Alexander Shchukin, naye akafa hivyo hivyo.

Bwana wao hakujua habari hizo. Alikufa katika gereza la Saratov tarehe 26 Januari, 1943, mwenye umri wa miaka 55, mwili umedhoofika kwa njaa. Mkewe na mwanawe mdogo walikuwa wamehamia mji huo huo wa Saratov kwa sababu ya vita. Hawakujua kwamba yumo gerezani humo, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao, na mkewe alikuwa akimpelekea vyakula Moscow. Mwaka wa 1955 mahakama ilifuta hukumu yake, na mwaka wa 1967 lile ghala la Leningrad likapewa jina lake.