Julia Child: mama wa siagi aliyeingia kwenye televisheni akiwa na miaka 50

Ukipita mjini mchana ukaingia kwenye mgahawa wenye televisheni, hukosi kukuta mtu anapika. Anaweka siagi, anamimina kremu (yale mafuta mazito yanayoelea juu ya maziwa), jibini inafuata, kisha anaonja na kufumba macho. Wewe umekaa na sahani yako ya ugali na dagaa, unamtazama tu. Vipindi vya namna hii vimeenea dunia nzima, na mtu mmoja aliyevifanya vipendwe ni mwanamke wa Kimarekani ambaye hadi anafikisha miaka 30 na kitu hakuwa mpishi.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1912 huko Pasadena, California, akaitwa Julia McWilliams. Kwao kulikuwa na uwezo, na mapishi yalikuwa kazi ya mpishi wa kuajiriwa. Alisoma historia katika chuo cha Smith, akamaliza mwaka 1934, kisha akaandika matangazo ya duka la samani New York. Alikuwa mrefu mno, futi 6 na inchi 2. Vita Kuu ya Pili ilipokuja alitaka kujiunga na vikosi vya wanawake, akakataliwa kwa sababu ya urefu huo. Akaenda idara ya ujasusi ya OSS, ambayo ilimpeleka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, halafu China. Kazi yake ilikuwa kutunza nyaraka za siri. Ceylon ndiko alikokutana na Paul Child, mwanamume aliyemzidi miaka 10, mfupi kuliko yeye, na mpenda chakula kizuri. Walioana mwaka 1946.

Mwaka 1948 serikali ilimhamishia Paul Ufaransa. Siku waliyoshuka melini walisimama kula mji wa Rouen, na Julia akaletewa samaki aliyekaangwa kwa siagi. Samaki, siagi, ndimu, basi. Mlo huo ulimgeuza. Mwaka uliofuata alijiandikisha shule ya mapishi ya Le Cordon Bleu, Paris, akasoma darasa moja na askari wastaafu wa Marekani. Mtihani wa mwisho alifeli mara ya kwanza. Alirudia, akapata cheti mwaka 1951, umri ukikaribia 39.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ngumu ambayo watu wengi hawaijui. Pamoja na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, aliandika kitabu cha kuwafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa. Kilichukua karibu miaka 10. Kila pishi alilipika tena na tena jikoni kwake huku akihama nchi kumfuata mumewe. Mchapishaji wa kwanza alikikataa kwa kuwa kilikuwa kikubwa mno. Zama hizo akina mama wa Marekani waliuziwa vyakula vya makopo na vya kugandishwa, wakiambiwa kuwa jikoni ni mahali pa kutoka haraka. Nani angenunua kitabu cha kumweka jikoni saa tatu nzima? Kampuni ya Knopf, kupitia mhariri Judith Jones, ilikubali, na kikatoka mwaka 1961 kikiwa na kurasa zaidi ya 700.

Julia na Paul walikuwa wamehamia karibu na Boston. Kituo cha televisheni ya elimu cha hapo, WGBH, kilimwalika kukizungumzia kitabu. Alikwenda na jiko dogo la umeme, kikaango na mayai, akakaanga mayai palepale mbele ya kamera. Watazamaji waliandika barua wakitaka arudi. Tarehe 11 Februari 1963 kipindi chake, The French Chef, kikaanza, na pishi la kwanza lilikuwa nyama ya ng'ombe ya Burgundy, inayochemshwa polepole kwenye mvinyo na vitunguu.

Mvinyo tuuache, wengi wetu hatuutumii. Lakini alifundisha jambo ambalo hata mpishi wa kwetu wa mafiga atalitumia: kausha vipande vya nyama kwa kitambaa kabla ya kuvikaanga, na usivijaze kwenye sufuria. Nyama yenye maji haiwi kahawia, hutokota kwa mvuke wake, na ladha yote inapotea hapo. Ladha ya mchuzi inaanzia kwenye ule ukoko wa kahawia unaobaki chini ya sufuria. Hakuwa akitoa amri tu, alieleza sababu.

Kipindi kilirekodiwa karibu bila kukatwa, kwa hiyo makosa yalionekana. Siku moja alirusha chapati ya viazi ili kuigeuza, nusu ikaangukia juu ya jiko. Akaizoa, akairudisha kikaangoni, akaendelea na kazi yake. Ile hadithi kwamba aliangusha kuku sakafuni ni uzushi. Sisi tuliosomea utangazaji tunaogopa kosa hewani kuliko njaa, na nikimtazama mama huyu naona woga wetu mwingine ni wa bure.

Alipata tuzo ya Peabody, kisha Emmy mwaka 1966. Miaka ya 1980 alikuwa akipika pia kwenye kipindi cha asubuhi cha televisheni ya ABC. Hakukubali kutangaza bidhaa ya kampuni yoyote, ingawa pesa za matangazo zingekuwa nyingi.

Wakati huo lawama zikaja. Madaktari walikuwa wakionya juu ya mafuta, na jina lake lilikuwa limefungamana na siagi. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu ale kidogo, ale vya aina mbalimbali, na asikiogope chakula. Aliishi karibu miaka 92, na wapo wanaolitaja hilo kama ushahidi. Mimi sikubali. Umri wa mtu mmoja hauthibitishi kitu, na mwenye presha amsikilize mganga wa kituo chake cha afya, si televisheni. Ila pale kwenye kula kidogo nadhani alionewa, maana waliomwiga walichukua siagi wakauacha ule udogo wa sahani.

Hawakujaliwa watoto. Paul alifariki mwaka 1994. Mwaka 2001 Julia alitoa jiko lake kwa makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani mjini Washington, pamoja na makabati na visu. Paul alikuwa ameuchora ukuta wa jiko hilo michoro ya sufuria ili kila moja irudi mahali pake. Meza za kufanyia kazi zilikuwa zimeinuliwa juu kuliko kawaida, kwa ajili ya kimo chake. Alifariki tarehe 13 Agosti 2004, siku mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Jiko bado lipo, watu huenda kulitazama.