Larbi Ben Barek, Mwanakandanda wa Ughaibuni

Marehemu Larbi Ben Barek, Mwislamu wa Casablanca, alivuka bahari mwaka 1938 kwenda kuchezea Marseille. Moroko ilikuwa chini ya Ufaransa, basi jezi ya taifa aliyoivaa mara 17, hadi 1954, ilikuwa ya mtawala. Vita vilipozuka alirejea kwao. Mwaka 1945 akaingia Stade Français, nayo ikamuuza kwa Atlético Madrid mwaka 1948. Wafaransa wakanung'unika, ilhali wauzaji ni wao wenyewe! Huko Hispania alitwaa ubingwa 1950 na 1951, kisha akarudi Marseille. Moroko ilipojitawala mwaka 1956, ujana ulishakwenda. Alifariki Casablanca mwaka 1992, peke yake nyumbani, asiwepo wa kumfumba macho. Maiti ilikutwa baada ya siku kadhaa. Nishani ya FIFA ilikuja 1998.