Akseli Gallen-Kallela, Mchoraji

Alizaliwa mwaka 1865 katika Ufini, nchi ya theluji kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1895 binti yake mdogo, Marjatta, alikufa kwa maradhi, naye baba hakuwapo nyumbani. Alikuwa Berlin akionyesha picha zake. Tangu hapo mkono wake ulibadilika, michoro yake ikawa mikali. Mwaka 1909 alifunga safari pamoja na mkewe na watoto wao wawili, wakaja kukaa Nairobi. Huko jua lilimfunza rangi upya. Alichora nyika, wanyama, watu, na Mlima Kenya, wenye theluji kama ya kwao. Alipaka rangi nzito, upesi upesi, akapata picha zaidi ya 150. Kisha alirudi Ufini, akafariki mwaka 1931.