Bakhita, Mtumwa Aliyewekwa Huru

Katika nchi ya Darfur, upande wa Sudani, mnamo mwaka 1869, alizaliwa mtoto wa kike katika kijiji cha Olgossa. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Yeye mwenyewe alilisahau kwa hofu iliyompata alipokuwa na umri wa miaka 7 au 8.

Siku hiyo alikuwa akitembea na mwenzake karibu na mashamba. Wakatokea wanaume wawili wageni, wala hawakuja kwa fujo. Mmoja alimwambia mwenzake atangulie, kisha akamtuma huyu mdogo aingie mwituni amletee mzigo alioudai kuusahau. Mtoto aliyelelewa vema huwatii wakubwa, akaenda. Huko wakamkamata, wakamwonyesha kisu, wakamwamuru anyamaze. Walipomwuliza jina lake hakuweza kulitamka, ndipo wakamwita Bakhita, neno la Kiarabu lililo ndugu wa neno letu bahati. Bahati gani hiyo!

Baadaye alitoroka pamoja na msichana mwingine. Mtu mmoja akawakuta njiani, akasema nao kwa upole, akaahidi kuwarudisha kwa wazazi wao. Kumbe aliwafunga minyororo katika zizi la kondoo, kisha akawauza. Wazazi na waangalie jambo hili: mara zote mbili maneno mazuri yalitangulia. Hata leo anayewatafuta wasichana wa Butembo na Beni ili awatie katika biashara ya miili yao, mara nyingi haji na minyororo. Huja na ahadi ya kazi ya nyumbani mjini, au ya duka ng'ambo ya Kasindi. Yafaa aulizwe: nyumba hiyo i wapi, nani amekwisha kuiona, na msichana akitaka kurudi atarudi kwa njia gani?

Miaka ile watumwa walikuwa wengi katika Afrika. Wamanyema wa Kilonga-Longa walikuwa wakiteka watu katika msitu wa Ituri, nasi twajua kwamba wasichana wengi waliouzwa waligeuzwa masuria. Bakhita aliuzwa mara nyingi. Katika nyumba ya mkuu mmoja wa askari wa Kituruki, huko El Obeid, alichanjwa kwa wembe chanjo 114 tumboni, kifuani na mkononi, kisha chumvi ikapakwa ndani ya vidonda.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Mwitalia Callisto Legnani, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 akavuka bahari kwenda Italia, akapewa jamaa ya Michieli kuwa yaya wa binti yao. Mtunzaji wa mali zao, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha, naye Bakhita akauficha kama hazina.

Mwaka 1888 bibi Michieli alisafiri, akamwacha Bakhita na mtoto kwa masista Wakanosa wa Venisi, katika nyumba ya wakatekumeni. Hapo msichana huyu alianza kujifunza dini, kama ninyi mnavyojifunza. Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita akakataa, ijapokuwa alimpenda sana mtoto yule. Bibi alikasirika, akadai kama mtu adaiye mali yake. Masista hawakumwacha Bakhita peke yake, wala hawakutosheka kumwonea huruma: mkuu wao alimwendea Kardinali Agostini, naye akaipeleka habari kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatangazwa kwamba sheria ya Italia haiujui utumwa, na kwamba Bakhita ni mtu huru. Sasa aliweza kuchagua mwenyewe apendalo. Akachagua kubaki.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaitwa Yosefina Margarita. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za kitawa. Kuanzia mwaka 1902 aliishi Schio, akipika, akishona, akiwafungulia watu mlango. Watoto walimpenda, nao wenye huzuni walimjia. Waliomwuza aliwaombea.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Tangu mwaka 2015 Kanisa huwaombea waathirika wa biashara ya binadamu tarehe 8 Februari, siku aliyofariki mwaka 1947. Katika saa zake za mwisho, baada ya miaka zaidi ya 57 ya uhuru, alijiona tena katika utumwa, akamwomba muuguzi ailegeze minyororo, kwa maana ilikuwa mizito. Masista walikuwa pamoja naye mpaka mwisho.